Maji ya Futuru

Juzi kitukuu wangu kajimwagia chai ya moto mkononi. Mama yake akakimbilia dawa ya meno. Nikamwambia, weka chini hiyo, leta maji. Akaniona bibi kizee mbishi. Basi nikautoa mkono wangu wa kushoto kwenye kanga, nikamwonyesha.

Huu uliungua Nandagala, nikiwa mtoto, miaka ile matrekta ya Waingereza yaking'oa pori huko Nachingwea walime karanga. Ilikuwa Ramadhani, tena kiangazi. Bibi yangu alitoka alfajiri kwenda kisimani, akarudi jua la utosi na mtungi mmoja, maji ya futuru ya nyumba nzima. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha jiko nachochea moto wa mbaazi. Upepo ukarusha cheche, nyasi za paa zikashika, zikaniangukia mkononi. Jirani yetu, mwanamke mwenye mdomo kweli, ndiye aliyeingia akanitoa kama furushi.

Akaja mbio na bakuli la majivu na mafuta ya ufuta, dawa tuliyoijua wote. Bibi akainua mtungi.

"Dada, moto ukimwagiwa maji unaingia mfupani," jirani akasema. "Na jioni tutafuturu nini?"

"Futuru majivu yako."

Akanimiminia kidogo kidogo, mpaka mtungi ukakauka. "Lia, mke mwenzangu, lia. Mume wetu bado anataka mkono wa kumsongea ugali." Mume wetu ndiye babu; utani wake huo. Jirani alipotaka kubandua nguo iliyoganda, bibi akamchapa kofi vidoleni. "Iache, imeshakuwa ngozi yake."

Alijuaje? Aliwahi kuungua, akatumbukiza mkono kwenye maji ya kufulia, akaona unapoa. Shule yake hiyo tu.

Vijana wakatupeleka, mimi na bibi, zahanati Ruangwa kwa baiskeli. Dresa, mganga msaidizi wa pale, akauliza nani kamwagia maji. Bibi akasema, "Mimi. Nifunge jela." Dresa akamjibu, "Mkono huu umeuokoa wewe, mama."

Tuliporudi jua linazama, jirani alikuwa mlangoni kwetu na kibuyu nusu, maji yake ya futuru. Akamnyooshea bibi. Bibi akanywa funda, akampa. Kikaenda na kurudi hivyo, mpaka kikaisha.

Kisima kimefukiwa siku hizi, bomba lipo uani. Wale wawili wamelala udongo mmoja. Mkono una makovu kama gome la mkorosho, lakini vidole vyote vinakunjika, na nimewasongea ugali watoto saba.

Ndoo ilipokuja nikautia ndani mkono wa mtoto. Na wangu nikautia humo humo, kumshikilia.