Aliyefungua Propela ya Mbele

Aliyefungua propela ya mbele ya gari langu, lile bomba linalozungusha magurudumu ya mbele, ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa huku wakisimulia hupenda kusema "ikatokea", kana kwamba mambo hutokea yenyewe. Haikutokea. Mtu alilala chini ya gari na spana, akafungua bolti moja baada ya nyingine.

Gari lenyewe ni kuukuu. Marehemu alilinunua likiwa limeshachoka. Alipokufa, ukoo ulichukua pikipiki, ng'ombe na mashine ya kukoboa kahawa, mimi nikaachiwa gari kwa kuwa kila mmoja aliogopa matengenezo yake. Shule niliishia darasa la nne. Udereva nilijifunza kwa kumpeleka yeye hospitali Bukoba. Tuliugua pamoja na dawa tulimeza pamoja. Yeye amelala mgombani, mimi nipo.

Kilichobaki kugawanywa kilikuwa kibanja chetu, migomba na kahawa, kule ng'ambo ya Kamachumu. Wazee wa ukoo wakapanga asubuhi ya kupanda milamula kwenye mpaka. Mlamula ni mmea tu, unakata kijiti unachomeka, unashika. Ila ukishachomekwa mbele ya majirani na wewe hukusema neno, umekubali. Hata ukienda kulalamika kwa mtendaji utaulizwa siku ile ulikuwa wapi. Mimi nilitaka kitu kimoja: nifike kabla vijiti havijaingia ardhini, niseme mbele ya watu kwamba kahawa ya upande wa bondeni tuliipanda mimi na mume wangu, isiende kwa shemeji.

Siku chache kabla ya hapo, shemeji huyo huyo alikuja Buhembe ninakopanga, akaazima gari akabebe ndizi. "Waitu shemeji," akanibembeleza, "nitalirudisha limeoshwa." Na kweli alilirudisha limeoshwa. Mtu ambaye hajawahi kuosha hata baiskeli yake.

Asubuhi ya milamula mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye lami sikuwa na shida. Nilipoacha lami nikaanza kupanda, udongo ulikuwa umelainika kama ugali mbichi. Nikasimama, nikavuta gia ya fowili ili magurudumu yote manne yavute, taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Nikakanyaga mafuta. Nyuma matope yakaruka, gari likateleza upande upande hadi ukingo wa mtaro. Nikajaribu gia nzito. Yakawa yale yale. Nikampigia fundi wangu wa Buhembe.

"Taa inawaka?" akauliza.

"Inawaka."

"Basi gia imeingia. Magurudumu ya mbele yanazunguka?"

Nilitoa kichwa dirishani nikakanyaga tena. "Yamelala."

"Shuka. Katikati ya gurudumu la mbele kuna kitufe cha kuzungusha kwa mkono. Kifunge, kulia na kushoto."

Nikashuka, nikavizungusha vyote viwili hadi vikagota. Nikarudi, nikajaribu. Magurudumu ya mbele hayakutikisika.

Nikamwambia fundi bado. Akasema, "Mama, angalia chini. Kuna bomba nene linatoka katikati kwenda nyuma, na jingine linakwenda mbele."

Nililala kwenye matope na gauni langu la kwendea kwenye kikao. Bomba la nyuma lilikuwepo. Mbele hapakuwa na kitu. Mahali pa kulifungia palikuwa pamefunikwa kipande cha gunia, kikazungushiwa kamba ya mgomba, kazi safi kabisa.

"Halipo," nikasema. "Nani kafungua?"

"Shemeji yako alipita nalo hapa. Alisema mmekubaliana, ili lisinywe mafuta sana."

"Na wewe ukamfungulia?"

"Nilimwazima spana tu, mama."

"Spana ya nani?"

"Yangu."

Basi na yeye namtaja. Ni kweli wenye magari makuukuu huku hufungua propela ya mbele kubana mafuta, lakini hufungua kiangazi, na masika hurudisha. Fundi anajua hilo kuliko mimi. Nani anafungua masika?

Nililifungia gari pale pale, nikavua viatu, nikapanda kwa miguu. Bodaboda walikuwa wamekaa kwenye kibaraza cha duka, hakuna aliyekubali ule mlima.

Nilipofika, milamula ilikuwa imesimama mstari mmoja, na kahawa yetu ya bondeni ilikuwa ng'ambo yake, upande wa shemeji. Baba mkwe mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo, akanipokea kwa upole.

"Mukamwana, mkwe wetu, tulikungoja."

"Mlingoja hadi lini, baba?"

Shemeji akadakia, "Wa miguu tumefika, mwenye gari ndiye wa mwisho." Watu wakacheka.

"Propela yangu iko wapi?"

"Ipo nyumbani kwangu, salama. Nilikupunguzia mafuta, shemeji. Wewe ni mjane."

Wanawake wawili wakatikisa kichwa kukubali, kwamba jamani shemeji ana huruma.

"Masika hii?"

"Mvua imewahi."

Mzee akanyoosha mkono. "Ya gari mtayamaliza nyinyi. Hapa ni mpaka."

Nikasema neno langu la kahawa, lote, nikiwa na matope mgongoni. Walinisikiliza vizuri hadi mwisho. Kisha mzee akasema vijiti vikishaingia having'olewi, ni aibu kwa ukoo, akaomba maji ya kunawa. Hakuna jirani aliyefungua mdomo, na wapo waliokunywa chai kwangu tukiwa tunapanda ile kahawa.

Nilichopata ni shemeji kuamriwa kurudisha propela siku hiyo hiyo. Aliibeba begani akateremka, mimi nyuma yake. Alilala kwenye matope akaifunga, nami nikamsimamia kwa kila bolti. Alipotoka chini alijipangusa mikono kwenye suruali.

"Sasa litapanda."

"Lipande kwenda wapi?"

"Kwenye migomba yako, shemeji. Hiyo hakuna aliyeigusa."

Hapo alisema kweli. Walikuwa wameniachia migomba mizee inayozunguka kaburi la mume wangu, na hakuna aliyeigusa.