Jina Lililotoweka Kwenye Simu ya Baba

Tangu tumzike mdogo wangu sikai. Nikishika spana naiacha, nikikaa kwenye benchi nasimama. Ninatengeneza baiskeli hapa Dutwa, na wateja wamezoea kunikuta pembeni mwa barabara natazama upande wa Bariadi kama mtu anayesubiri basi, ingawa sina safari.

Yeye alikuwa anatengeneza kurasa za mtandao. Alikodi chumba cha kazi Bariadi mjini pamoja na dada mmoja waliyesoma naye. Ukurasa wake mwenyewe ulikuwa na jina lake juu, herufi kubwa, rangi ikianza njano na kuishia nyekundu. Baba hajui kusoma vizuri, lakini jina lile alilijua kwa umbo. Alikuwa akilifungua asubuhi kabla ya kutoa ng'ombe, kwenye simu kuukuu aliyopewa na mwanawe huyohuyo.

Siku chache baada ya maziko akalifungua, mara ya kwanza tangu mwanawe augue, akakuta ubao mtupu. Njano mpaka nyekundu, herufi hakuna. Nikafungua kwenye simu yangu, ambayo ni mpya kidogo. Jina lipo.

"Kwako yupo," baba akasema. "Kwangu ameondoka. Nilimkosea nini?"

Nikamwambia ni simu tu. Shangazi yangu akaguna. "Simu ndiyo inachagua wa kumuaga?" Akataka tuite mganga, na mbuzi akawa ameshamtaja. Baba hakukubali wala hakukataa. Jioni ugali wake ulirudi jikoni kama ulivyotoka.

Asubuhi nikapanda baiskeli kwenda Bariadi. Yule dada alikuwa peke yake, kiti cha marehemu amekisogeza ukutani. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

"Kaa, kaka."

"Nipo sawa."

Akafungua kompyuta, akasoma kidogo, akatikisa kichwa. "Mdogo wako alikuwa msafi mno. Kuna mstari wa maelekezo ya ukurasa ameufuta, kabla tu hajaanza kuumwa."

Nikamwambia nimeishia darasa la saba, anieleze polepole. Akasema kampuni zinazotengeneza vivinjari, yaani programu za kufungulia mtandao, hukubaliana lugha moja ya kupamba kurasa, inaitwa CSS. Ila makubaliano huchelewa. Mwenye kivinjari mmoja akibuni kitu, kama kutia rangi nyingi ndani ya herufi, hasubiri wenzake. Anakitoa kwa jina lenye alama yake mbele, watu wakijaribu, aone kinapoharibikia. Wote wakija kukubaliana, cha pamoja kinapata jina lisilo na alama, hata kama kimebadilika kidogo, na cha kwake hakigongani nacho.

"Na biashara haimo?"

"Imo, kaka. Kila mmoja anataka useme kwake ndiko kunapendeza."

Nilielewa kwa ng'ombe. Nyumbani ndama hukatwa sikio, kila boma na mkato wake, ndipo achanganywe na kundi la majirani. Lakini akaongeza kwamba watu waliizoea alama ya kampuni moja, wakainakili kila mahali, mpaka wenye vivinjari vingine wakalazimika kuitambua ili kurasa zisiharibike kwao. Hapo ng'ombe wangu waligoma. Kwetu jambo la namna hiyo lingeitishiwa mkutano.

"Sasa yeye aliona wameshakubaliana," akasema, "akafuta jina lenye alama, akabakiza la wote. Simu ya baba ni ya zamani. Inajua lile lenye alama tu. Nikiurudisha mstari, jina litaonekana."

Nikamwambia asiguse.

Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Ule ukurasa ndio kazi yake ya mwisho, na nilitaka ubaki alivyouacha mkono wake. Dada hakunisukuma. Aliniuliza tu kama baba anakula.

"Urudishe," nikasema.

Nilifika nyumbani baba akifunga zizi. Nikamwomba afungue simu. Jina lilitokea, njano mpaka nyekundu, likikatwa na ufa wa kioo.

"Amerudi," shangazi akasema.

"Hajarudi, shangazi. Tumeongeza mstari mmoja, mimi na yule dada." Kisha nikamweleza baba yote, pamoja na lile nililotamani kulificha: kwamba aliyeufuta mstari ni mwanawe mwenyewe, kwa mkono wake.

Baba alipitisha kidole juu ya ufa wa kioo.

"Kwa hiyo alisahau kwamba simu aliyonipa imezeeka."

"Alisahau, baba."

"Kusahau si kukasirika." Akanipa simu. "Izime, chaji itaisha. Kuna ugali?"

Shangazi aliingia jikoni. Walipokaa kula, mimi nilitoka kuangalia kama zizi limefungwa, ingawa nilimwona baba akilifunga.