Ndoo ya Bluu na Msomaji Mmoja

Wifi yangu anapendwa na kila mtu, na mimi naishi naye jirani. Nilipoletwa hapa kijijini Daudi kama bi harusi, nikitokea Endasak, yeye ndiye aliyenionyesha pa kuchota maji na pa kusagisha mahindi. Kila tulipopita, watu walimsalimia yeye kwanza, wakacheka naye, ndipo wakanigeukia. "Na huyu ndiye?" "Ndiye huyu." Basi, wakaendelea na habari zao. Miaka kumi na moja imepita na bado wapo wanaonijua kama mke wa kaka yake. Sina chuki naye. Nina wivu, na wivu wenyewe si wa kuficha.

Mahali pekee palipokuwa pangu mwenyewe ni ghalani. Ni ghala la vitunguu saumu, upande wa pili wa bonde. Wanawake tunakaa duara, kila mmoja na kisu chake kidogo, tunakata majani na mizizi, tunamenya ganda la nje lenye udongo, vikubwa huku, vidogo kule. Viti hakuna. Kila mtu huja na ndoo yake kutoka nyumbani, anaifudikiza, anaikalia. Yangu ilikuwa ya bluu, ilikuwa ndoo ya rangi ya ukuta, imepasuka ukingoni. Na kuna utaratibu ambao hakuna aliyewahi kuutangaza: ukiugua, ukifiwa, ukienda kujifungua, ndoo yako inabaki imefudikizwa pale pale na hakuna anayeikalia. Ukiacha kazi moja kwa moja, inageuzwa mdomo juu, inatiwa mizizi na maganda. Nimeona mbili zikigeuzwa, moja ya mwenzetu aliyehamia Babati, nyingine ya mwenzetu aliyefariki. Mara zote mbili nilijisemea yangu bado ipo.

Sasa pale ghalani watu wanaongea. Mikono iko kazini, midomo iko huru. Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kimejaa, na asubuhi yote yamepotea. Mwalimu mmoja wa kike aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, anayelalamikia baridi mwaka mzima, ndiye aliyenifungulia blogu kwenye simu yangu, tukisubiri chai ichemke. Akanionyesha pa kuandika na pa kuangalia ni watu wangapi wamesoma. Niliandika mistari sita siku ile, nikajiona mtu.

Lakini ukitoka ghalani jioni huna mgongo, huna macho, vidole vinanuka na simu inanuka. Nilijaribu wiki tatu. Kisha nikamfuata msimamizi nikamwambia msimu huu sitakuja.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Siumwi."

"Umepata kazi nyingine?"

"Hapana. Nataka muda wangu tu."

Aliniangalia kwa huruma, akaniambia nipumzike, akili itatulia. Mume wangu naye alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akauliza kama huo muda unapikwa na chumvi au unaliwa hivyo hivyo. Hakunikataza. Ila sukari ilipoisha alikuwa ananiambia niulize kwenye blogu. Wifi, ambaye naye anamenya pale ghalani, nilimwambia neno moja tu: "Nitunzie ndoo yangu. Sijaacha." Akasema sawa wifi.

Nikaanza kuandika mchana, mezani, karibu na dirisha. Mahindi na maharage yalikuwa shambani, kuku wanataga, hatukulala njaa. Niliandika jinsi mama mkwe anavyokagua ugali wangu kwa kidole. Niliandika siku niliyopakizwa bodaboda pamoja na mbuzi tuliyepewa na mama yangu, mbuzi akaweka kichwa begani kwa dereva akatulia. Niliwatumia linki wote ninaowajua. Wengi hawana simu ya kupangusa, na wenye nayo hawana bando. Nilipomuuliza wifi kama amesoma, alijibu, "Nasoma, nasoma," huku anafukuza ndama. Nikajua hasomi.

Na hesabu ikaonyesha mmoja. Kila nilichoandika, msomaji mmoja. Nilidhani ni mimi mwenyewe, nikaacha kuifungua siku nzima. Bado mmoja. Nikasema ni yule mwalimu, ananionea huruma.

Kilichoniua zaidi ni upepo. Mchana ukivuma kutoka upande wa ghala unaleta vicheko. Siyo cheko la mtu mmoja, la wote. Mimi nimekaa na muda wangu niliouhangaikia, nimenawa mikono, naandika sentensi na kuifuta, na wao wanacheka. Zamani hawakucheka hivyo. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba nimeondoka na raha imeongezeka. Sauti ya wifi niliitambua katikati. Anaanza yeye, halafu wanamfuata. Kanisani tukikutana tuliulizana habari za mahindi, nikaondoka mapema, nikajifanya nina haraka.

Msimu ulipokaribia kwisha nilichoka. Nikasema kama ni kwa ajili ya mtu mmoja, hata kuku wangu wananitazama zaidi ya hivyo. Siku hiyo saa tisa mchana nikavaa sweta, nikachukua kisu changu, nikavuka bonde kwenda kumwambia msimamizi narudi, hata kwa siku zilizobaki.

Nilipofika mlangoni, wifi alikuwa anaongea kwa Kiiraqw, na wengine wote kimya, visu tu vinasikika. Alikuwa na simu juu ya goti. Anaitazama, anaongea, anasukuma kwa kidole, anaongea tena. Alikuwa anasimulia habari za mwanamke aliyepanda bodaboda na mbuzi.

Nilisimama pale nikasikiliza maneno yangu. Niliyaandika kwa Kiswahili, maana ndicho tulichofundishwa kuandikia, na yeye alikuwa anayatoa kwa Kiiraqw hapo hapo bila kukwama. Tena alikuwa anaongeza. Mbuzi alipoweka kichwa begani, wifi akasema dereva alikuwa anapunga mkono kwa watu wa njiani, anawaambia huyu ndiye mchumba wangu, mahari nimeshamaliza. Mimi sikuandika hayo. Ghala zima likaangua kicheko, mmoja akadondosha kisu. Nikakijua kile kicheko. Ndicho kilichokuwa kinanifuata hadi dirishani.

Ndipo nikamwelewa yule msomaji mmoja.

Bibi mkubwa kuliko wote, ambaye hasomi na Kiswahili chake ni cha sokoni, aliniona. "Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Ulipotelea wapi? Njoo ukae usikilize. Huyu wifi yako ana maneno matamu, sijui anayatoa wapi."

Nilimtazama wifi. Angeweza kusema neno moja tu. Aliinamia simu kama inachaji. Nikageuka kutafuta pa kukaa, nikaiona ndoo yangu. Imegeuzwa mdomo juu, imejaa mizizi hadi ukingoni.

"Nani kaigeuza?"

"Msimu unaisha, mwanangu," bibi akasema kwa upole. "Tulijua umeacha."

Sikumtafuta msimamizi. Nilirudi nyumbani na kisu changu, roho inaniuma kiasi kwamba nilipita kwangu nikaenda hadi kwenye migomba ya jirani ndipo nikageuka. Nikakaa mezani. Kwa mara ya kwanza nilijua nani ananisoma, na nani ananisikiliza, na saa ngapi. Niliandika bila kufuta.

Niliandika: anayewasomea haya ni wifi yangu, na leo lazima ayasome kama yalivyo. Mbuzi ni wangu. Ugali uliotiwa kidole ni wangu. Yeye alizaliwa hapo, mama yake yuko hapo, kila mtu hapo ni wake, na sasa amechukua na maneno yangu. Ninamwonea wivu tangu siku ya harusi yangu, watu walipoacha kunitazama mimi wakamtazama yeye akicheza. Mimi hapo nilikuwa na ndoo tu.

Nikaituma kabla sijaogopa. Kesho yake mchana nilifungua hesabu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Saa nane, hakuna. Saa tisa, mmoja. Nikafungua dirisha. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwao na sikusikia kitu, muda mrefu, hata nikajuta. Halafu kikaja kicheko kimoja kirefu, kikaisha.

Jioni kabla jua halijazama, wifi aliingia uani na ndoo yangu mkononi. Ilikuwa imeoshwa hadi ndani.

"Bibi ameiosha mwenyewe," akasema. "Kasema ukija, uje nayo. Usipokuja, uikalie hapa uandike. Ila usiache kuandika, maana mimi nikiishiwa wananifukuza."

"Kwa hiyo wamejua."

"Wamejua. Nimesoma yote." Alitazama kando. "Pale pa ndoo sikuongeza neno."

Nilitaka kubaki nimenuna kidogo zaidi. Nilikuwa na haki hiyo. Lakini kulikuwa na kitu kinanikereketa tangu mchana.

"Na mlicheka wapi?"

"Pale pa harusi."

"Pale hapachekeshi. Pale niliandika kwa uchungu."

"Pale niliongeza," akasema.

Akaifudikiza ndoo, akaikalia yeye, akatoa simu na kunisomea kwa Kiiraqw kama anavyowasomea wao, tangu mwanzo. Nilikunja mikono nikamsikiliza nikiwa nimemkazia macho. Alipofika penye harusi nilicheka hadi nikashika ukuta, na sentensi iliyonichekesha haikuwa yangu.