Nyumba ya Mtarakwa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa mke mgeni huku Moiben, na mama mkwe wangu, Wangeci, alikuwa bado na nguvu za kukamua ng'ombe.

Shambani kwake kulikuwa na mtarakwa mkubwa ajabu, uliokatwa kichwa na radi, ndani mtupu. Yeye na mzee wake walipohamia hapa kutoka Nyeri hawakuwa na hata bati moja. Wakaingia ndani ya shina hilo, wakatoboa mlango, wakaezeka nyasi juu, wakawasha moto. Humo ndimo alimozaliwa mume wangu Kamau, na mdogo wake Njoroge.

Mzee alipofariki, ndugu hao wakagawana shamba. Mpaka ukaangukia kwenye mti. Kila mmoja akasema ni wake. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Lakini hawa walipatana kwa jambo moja tu: uangushwe, wagawane nguzo.

Mwenye msumeno wa injini alipofika, Mama akasimama mlangoni mwa mti.

"Mama, toka hapo," Kamau akasema. "Ni mti tu, tena umekufa."

"Umekufa?" akauliza. "Usiku uliozaliwa, Kamau, mvua ya mawe ilinyesha. Mimi sikuwa na nguvu hata ya kukufunika. Huu ndio uliokukinga. Na wewe Njoroge, ulitambaa humu humu. Leo mnagawana tumbo?"

Mashine ikawashwa. Nilimshika mkono nikamtoa. Akautazama mti ukianguka.

Nguzo za mtarakwa hazitafunwi na mchwa. Ua walioujenga kati yao umesimama mpaka leo. Hata kwenye mazishi ya Mama hawakusalimiana. Kamau alipougua sana, aliniomba nimwite ndugu yake. Nilienda mbio. Njoroge alikuja bila viatu, lakini sauti ya Kamau ilikuwa imeshakwenda. Walishikana mikono tu, wakalia.

Mwanangu, mkigawana shamba, acheni kitu kimoja kisichogawanywa, kiwe chenu nyote. Na mzazi akisimama mlangoni, zima mashine kwanza umsikilize. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyo mjukuu nimemlea mimi, namjua.

Mungu akupe ndugu wa kuzungumza naye ungali na sauti. Nenda kwa amani.