Shikamoo ya Kabati la Chini

Kila asubuhi, kabla hata hajatua mkoba, fundi wa maabara aliyebandikwa jina la Mama Visahani hufungua makabati mawili ya joto. La juu lina seli changa. Hizo huziambia "mambo". La chini lina seli zilizogawanyika mara nyingi mpaka zikachoka, hizo huziamkia kwa adabu zote: "Shikamoo, wazee." Wenzake hucheka mpaka mbavu ziwaume. Yeye wala hajali. Miaka thelathini na moja ya kuzilisha na kuzihesabu seli si mchezo.

Wiki tatu kabla ya kustaafu, aliona jambo lililomfanya ashindwe kutulia kitini. Walikuwa wakiweka visahani vya seli ndani ya koili, waya wa umeme uliozungushwa, ili seli zipigwe na nguvu ya sumaku. Seli changa hazikushtuka sana. Wazee walikufa wengi.

Daktari, mkuu wa maabara mwenye umri wa kitinda mimba wa Mama Visahani, alitazama daftari, kisha akamtazama vidole.

"Mama, mkono wako unatetemeka siku hizi. Huenda unawaumiza mwenyewe unapowamimina."

Maneno yale yalimchoma. Mkono ulitetemeka kweli. Lakini kuaga kazi huku akiambiwa kwamba alichogundua ni uzee wake mwenyewe, hilo halikumwingia akilini.

"Basi mimina wewe," alisema. "Wazee na vijana, wa ndani ya koili na wa nje. Vipe visahani namba, orodha uifiche. Mimi nitahesabu tu."

Siku nne baadaye aliketi kwenye hadubini. Seli iliyokufa hunywa rangi ya buluu, basi akahesabu buluu, kisahani baada ya kisahani. Mdomo ulimwasha kuamkia, lakini amwamkie nani, na namba hazina umri? Alipofika namba saba akakuta buluu tele. Akanong'ona, "Shikamoo."

Akanong'ona tena kwenye namba kumi na mbili, na kumi na tisa. Nyuma yake Daktari alitia alama kwenye orodha.

Hesabu ilipokwisha, Daktari akaiweka orodha mezani. Visahani vyote vitatu vilikuwa vya wazee wa ndani ya koili. Wazee wa nje walikuwa salama, karibu sawa na vijana.

"Hizi ni seli za kisahanini, si watu," Daktari alisema, na sasa sauti yake ndiyo iliyotetemeka. "Lazima turudie, tena na tena. Lakini si mkono wako."

Mama Visahani alicheka kwa furaha hadi miwani ikamdondoka. Daktari aliinama, akaiokota, akampa kwa mikono miwili. Miaka sita yote ya kufanya kazi pamoja, Daktari alikuwa akimsalimu "habari" tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, mimina vingine."