Koti la Mvua la Karmele

Kiwanda cha karatasi kilipofungwa hapa Tolosa, wengi wetu tulilala. Baada ya kuamshwa na king'ora nusu ya umri wetu, tuliona tumestahili. Karmele Iztueta, ambaye mashine yake ilikuwa jirani na yangu, hakuweza. Majira ya kifungua kinywa yalimkuta ameshafua, amepiga pasi, na amehamisha kabati la sebuleni kutoka ukuta huu hadi ule. Mumewe Joxean, mtu wa kula polepole, alikuwa akinywa kahawa amesimama kwa sababu viti vilikuwa vimepelekwa barazani kusuguliwa.

"Karmele, keti basi kidogo."

"Nikiketi nawaza."

"Waza. Kuwaza si ugonjwa."

"Kwako."

Mwishowe Joxean akashuka stoo, akaitoa baiskeli yake ya ujanani, akaijaza upepo na kuipaka mnyororo mafuta. "Chukua," akamwambia. "Ukachoke huko, urudi uniache na kabati langu." Karmele akapanda. Wiki ya kwanza alifika mwisho wa bonde. Kufikia kiangazi alikuwa akipanda mlima wa Bidania na kuteremka Errezil upande wa pili, na mimi niliyekuwa nikijiona mwendeshaji mzuri nikawa naona mgongo wake tu.

Ndipo ikatokea kazi. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwazungukia wazee wanaoishi peke yao mashambani kule juu: kuwapikia, kuwapimia dawa, kuwasaidia kuoga, kuona kama wapo hai. Karmele hajui kuendesha gari, na mtihani wa leseni ulishamshinda zaidi ya mara moja. Akasema atakwenda kwa baiskeli. Waliomwajiri wakatazamana, lakini hakuna mwingine aliyeitaka kazi ile.

"Mashine ikilia najua inataka nini," aliniambia siku moja kabla ya kuanza. Alikuwa anafunga na kufungua zipu ya fulana yake bila kujijua. "Mzee akilia nitajuaje?"

Nikamwambia anunue koti la mvua, maana Septemba ilikuwa inaisha, na huku kwetu mawingu hayabishi hodi.

La kwanza alilinunua soko la Jumamosi, la plastiki. Mvua haikupenya, ila jasho nalo halikupata pa kutokea, na alipofika kwa mzee wa mwisho katika mzunguko wake alikuwa amelowa kwa ndani kuliko ambavyo angelowa kwa nje.

Mzee huyo aliitwa Balentin. Hakuoa, aliishi na miti yake ya matufaha, na tangu mwanzo alikuwa amesema hamtaki mtu yeyote. Alisimama mlangoni na kofia yake nyeusi ya duara, akimtazama Karmele anavyodondosha maji.

"Unanivujia sakafuni."

"Samahani, mzee. Nitapiga deki."

"Na huo mfuko wa takataka umeuvalia nini?"

"Ni koti la mvua."

"Koti! Mimi ng'ombe wangu nilikuwa nawavisha vizuri zaidi."

Wiki iliyofuata alikuja na la pili. Hili lilikuwa jepesi ajabu. Ukilikunja linatoweka ndani ya ngumi. Lakini lilishonwa kwa ajili ya upepo, si kwa mvua zetu, na kabla hajafika kileleni lilikuwa limemgandia mwilini. Balentin akacheka mpaka akakohoa. La tatu lilikuwa imara, maji hayakupita kabisa, ila halikukunjika. Jua likitoka ilibidi alifunge nyuma ya kiti kama blanketi la mhamaji. Tena lilikuwa na kofia pana isiyogeuka na kichwa: alipotazama nyuma aliona kitambaa tu, na lori la maziwa likampita karibu hata akahisi joto la injini mguuni.

Siku hiyo aliingia kwa Balentin akaiacha baiskeli imelala mlangoni. Mzee hakucheka. Alisogeza kiti karibu na jiko, akaondoka kwenda kutazama miti yake.

Nyumbani, Joxean alianza kuchoka. Makoti yalizungumzwa mezani, yakazungumzwa kitandani. Karmele alikuwa akiamka kupapasa mishono.

"Hivi kinachokusumbua ni koti kweli?" Joxean akamuuliza, akimpakulia maharage meusi.

"Ni nini kingine?"

"Sijui. Lakini nakuona unavyochelewa kuondoka siku za yule mzee."

Karmele akaisukuma sahani. "Ananichukia. Ninamwosha mgongo naye ananitukana. Nikishalowa na kutukanwa pamoja, siwezi. Mojawapo lazima niizuie." Akavaa viatu, akatoka kwenda dukani.

Duka la baiskeli ni la Lide, mwanamke aliyeshindana mbio za baiskeli zamani na ambaye subira yake ni ya vipimo. Alipomwona Karmele na koti la tatu mkononi, aliweka spana mezani.

"Hapana. Usiniambie."

"Halikunjiki, Lide."

"Nilikwambia halikunjiki. Ulisema hujali kukunja, unajali mvua."

"Sasa najali yote."

"Nisikilize, mama. Koti linaloingia mfukoni, lisilopitisha hata tone, lisilokutoa jasho, halijashonwa. Ukiliona huko niletee na mimi. Wewe niambie kipi utakivumilia."

"Sitaki kuvumilia."

"Basi nunua gari."

Mimi nilikuwepo, nimepeleka gurudumu langu lililopinda, na nilidhani watagombana. Badala yake Lide akaingia ndani, akarudi na koti moja la rangi ya kiini cha yai. Akaligeuza ndani nje, akamwonyesha mishono iliyozibwa kwa utepe, zipu iliyofunikwa na ulimi wa kitambaa, matundu ya kupumulia chini ya kwapa. Nyuma lilikuwa refu, la kufunika makalio mtu anapoinama. Halikuwa na kofia. Likakunjwa ndani ya mfuko wake lenyewe, likawa kama kimkate kidogo.

"Nitajuaje?" Karmele akauliza.

"Njoo."

Alimpeleka uani anakooshea baiskeli, akamkalisha kwenye baiskeli iliyofungwa juu ya stendi, akamwambia akanyage pedali. Kisha akafungua mpira wa maji.

"Lide!"

"Kanyaga! Unapanda mlima! Kanyaga!"

Watu wa mtaani wakajaa mlangoni. Mama mmoja mwenye kikapu cha vitunguu akamhimiza kwa makofi kama yuko kwenye mashindano. Karmele alikanyaga amefumba macho, maji yakimpiga usoni, kifuani, mgongoni, hadi Lide aliporidhika. Wakalivua. Fulana ilikuwa na unyevu kidogo mgongoni, na kola ilikuwa imelowa.

"Shingoni panaingia," Karmele akasema.

"Shingoni funga skafu, kama alivyokuwa anafanya mama yako. Unalichukua au nikumwagie tena?"

Akalichukua. Na kama ilivyo kawaida ya mambo, mvua ikakata. Kwa wiki kadhaa koti lilipanda na kushuka mlima ndani ya mfuko wa mgongoni bila kufunguliwa, na Karmele akawa anajipapasa nyuma kila kona kuhakikisha lipo. Balentin naye akaanza kuulizia kabla hata ya salamu.

"Umelivaa?"

"Jua linawaka, mzee."

"Tangu Septemba unatafuta koti, sasa unaliogopa. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Mzee akalishika, akalipima kwa mkono, akavuta mshono. "Jepesi," akasema kwa kutoridhika, na akamrudishia likiwa limekunjwa vibaya.

Novemba ilipokuwa katikati, upande wa mlima Ernio uligeuka mweusi ghafla. Karmele alikuwa ameanza kuteremka kuelekea Errezil. Alisimama pembeni, akavaa koti, akaendelea huku breki zikilia. Alipofika kwa Balentin aliukuta mlango wazi, jiko linawaka, maziwa yamemwagika na kuungua. Mzee hayupo.

Aliita. Akazunguka nyumba akikimbia, viatu vyake vya baiskeli vikiteleza kwenye matope. Alimkuta chini ya mti wa mwisho, ngazi imeanguka kando, matufaha yametapakaa, mkono wake mmoja umelala vibaya. Mvua ilikuwa inampiga usoni naye hakuwa na nguvu ya kugeuza kichwa.

"Umechelewa," akasema. Midomo ilikuwa ya buluu.

Karmele alipiga simu ya dharura, kisha akampigia Mirentxu, jirani mwenye trekta. Alivua koti. Mkono mzima wa mzee akauingiza kwenye mkono wa koti, ule uliovunjika akaulaza kifuani pake, akavuta zipu mpaka kidevuni. Yeye akabaki na fulana, amepiga magoti, amemfunika kichwa kwa mwili wake. Aliongea bila kukoma: habari za kiwanda, za kabati, za mpira wa maji wa Lide, chochote, ili asilale.

"Unaongea sana," mzee akamwambia.

"Ndiyo. Na wewe nijibu."

Mirentxu alifika na trekta na mablanketi, wakamfikisha jikoni. Gari la wagonjwa lilipopanda, nesi aliinama kuutazama mkono, akavuta zipu. Ikakwama. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimeingia kwenye meno yake. Nesi akatoa mkasi.

Hapo Balentin, aliyekuwa akinong'ona tu, akapaza sauti. "Usikate!"

"Mzee, lazima nifike kwenye mkono."

"Usikate nasema! Huyu mwanamke kalitafuta tangu Septemba! Mnajua alivyonisumbua na hilo koti?"

"Kata, dada!" Karmele akasema. "Kata tu, ni koti!"

"Akikata sipandi gari lenu."

Nesi akamtazama Karmele. "Haya, jaribu wewe. Haraka."

Haraka ndiyo aliyoijua maisha yake yote, na zipu haikuitaka. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Alivuta mara moja, ikazidi kukaza, na mzee akauma meno. Akaacha. Akapuliza vidole, akashika kitambaa kwa kucha, akakitoa jino kwa jino, huku nesi akihema juu ya bega lake na Mirentxu akiomba Mungu kwa sauti. Kila mahali mwilini, aliniambia baadaye, palikuwa panamwambia vuta. Zipu ikaachia.

Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili, na mfupa wa bega pia. Mzee alipona, lakini hakurudi shambani. Mpwa wake alimchukua kwake Azpeitia, kwenye nyumba ya ghorofa yenye lifti, na matufaha ya mwaka ule Mirentxu aliyavuna akayapeleka kwa watengenezaji wa pombe.

Karmele aliendelea na wazee wengine. Siku yake ya mapumziko alitakiwa apumzike. Yeye hupanda Bidania, hupita Errezil, huteremka mpaka Azpeitia, mvua au jua. Niliwahi kwenda naye. Mpwa alitufungulia mlango akiwa hoi.

"Afadhali mmekuja. Tangu asubuhi anatembea tu, mlangoni dirishani, dirishani mlangoni. Nikimwambia akae ananiambia mimi nikae."

Balentin alikuwa ameshavaa kofia yake. Hakutusalimu. Alilitazama koti la Karmele, lililokuwa linadondosha maji kwenye zulia la mpwa wake, akauliza kama shingoni bado panaingia.

"Panaingia."

"Nilijua," akasema. "Twende nje, humu ndani nitaoza."

Wakashuka kwenda mtoni, yeye na mwavuli, Karmele na koti lake, wanabishana kuhusu njia ya kupita kabla hata lifti haijafunga. Mimi nilibaki na mpwa, tukanywa kahawa. Kutoka dirishani tuliwaona wamefika darajani, wakasimama kidogo tu, kisha wakaendelea.