Honi Ikilia Nyuma

Kwetu huku kuna sheria moja ya barabarani ambayo hakuna aliyeiandika, na ndiyo sheria pekee inayofuatwa na kila mtu. Honi ikilia nyuma yako na wewe uko juu ya baiskeli, unashuka. Siyo kwamba unapunguza mwendo au unasogea kidogo pembeni. Unatoka kabisa kwenye lami, unaingia kwenye majani, unaweka mguu chini na kusubiri mkubwa apite. Nimemwona mzee mmoja mwenye magunia ya viazi kwenye karia akishuka hivyo, baiskeli ikamlalia, viazi vikasambaa mtaroni, na basi lililompigia honi lilikuwa limeshapotea kwenye kona. Mzee akaanza kuokota viazi vyake kimyakimya. Wala hakutukana. Niliyetukana ni mimi, kwa niaba yake, na yeye akabaki ananishangaa.

Mimi sishuki.

Ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Makambako, si mbali na stendi, na nyumbani ni kijijini, upande wa kuelekea Njombe. Asubuhi naenda kwa baiskeli, jioni narudi kwa baiskeli, mvua, jua, ukungu. Wateja wangu wanadhani ni umaskini. Wananionea huruma kabisa, wananiambia, "Mungu ni mwema mama, ipo siku utapata hata pikipiki." Sitaki pikipiki! Nimeshasema mpaka nimechoka. Baiskeli yangu ni ya gia, ya mtumba, niliichagua mwenyewe, nikaifumua yote na kuifunga upya kama ninavyofumua koti la mteja. Jumamosi nyingine naamka tu, naipanda mpaka Njombe kwa dada yangu, nalala huko, Jumapili narudi, na hakuna shida yoyote iliyonipeleka. Dada yangu mpaka leo akiniona namfikia uani anauliza kwanza nani amefariki.

Nikisema naipenda ile barabara, naisema kweli. Mwezi wa saba baridi inapochoma, nakunja gazeti naliweka kifuani chini ya sweta, vidole vinakufa ganzi kwenye handeli, na pande zote ni miti ya misindano na ukungu. Ukikaribia viwanda vya mbao unasikia harufu ya mti uliopasuliwa sasa hivi. Kilima kinakutoa jasho, halafu mteremko unalikausha. Nimekatikiwa na cheni porini, nimekimbizwa na mbwa, na siku moja darajani nilikumbatiwa na mlevi wa ulanzi aliyeapa kwamba mimi ni shemeji yake. Hayo yote nayacheka. Moja siwezi kulicheka.

Siku hizo nilikuwa bado nashuka kama wengine. Mvua zilikuwa zimekolea. Basi likanipigia honi nyuma, nami kwa utiifu wote nikatoka kwenye lami. Pale nilipotokea maji yalikuwa yamekula udongo, lami imebaki juu kama kizingiti, gurudumu la mbele likazama na mimi nikaangukia mkono. Kifundo cha mkono kikavunjika, nikakisikia kabisa. Basi halikusimama. Watu walikuja, maana watu wetu wana huruma na sitawasingizia. Waliniinua, wakanipa pole, mmoja akaniokotea kiatu. Halafu mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Kwani hukusikia honi?"

Nilisikia! Nilisikia na nikashuka, na nimevunjika kwa sababu nimeshuka. Nilijaribu kuwaeleza nikiwa nimekaa pale kwenye tope, na hakuna aliyenielewa. Kwao nilikuwa nimechelewa kushuka, au nimeshuka vibaya. Hakuna aliyejiuliza basi lilikuwa na haraka gani, wakati upande wa pili wa barabara ulikuwa mtupu mpaka kilimani. Mkono ukafungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali. Ulikuwa msimu wa kushona sare za shule, msimu tunaoutegemea mafundi wote, na wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao na kupeleka kwa mwingine. Nilikaa kibandani natazama cherehani. Hasira iliyoniingia siku hizo haijatoka mpaka leo, na sina mpango wa kuitoa.

Nilipopona nilirudi barabarani, na honi ya kwanza ilipolia sikutoka. Nilikaa ndani ya lami, karibu na ukingo lakini ndani, nikanyoosha mwendo, sikuyumba. Lori likapunguza, likatanua, likanipita. Utingo akatoa kichwa dirishani akaniuliza kama barabara ni ya baba yangu, kisha wakaenda zao. Nilisimama mbele kidogo nikalitazama mpaka likapotea. Kumbe wanaweza! Miaka yote hiyo breki zilikuwepo, usukani ulikuwepo, nafasi ilikuwepo. Walikuwa hawataki tu, na sisi tulikuwa tunawasaidia kutotaka.

Sasa nifike kwenye jambo linalowafurahisha wambea wa kijijini kwetu. Mume wangu ni dereva wa lori. Anabeba mbao za huku kupeleka Dar es Salaam, na akirudi anakaa jikoni kwangu, anakunywa chai yangu, na kuwatetea.

"Mama, honi siyo tusi," ananiambia. "Honi ni taarifa. Nakujulisha kwamba nipo."

"Taarifa ni hodi," namjibu. "Umeshawahi kupiga hodi kwa watu ukategemea mwenye nyumba atoke nje akupishe?"

"Mzigo wa mbao hausimami kama bajaji. Mteremkoni breki unazitumia kwa akili."

"Basi hiyo akili ianze kabla hujanifikia mgongoni."

Hapo hucheka, na kicheko chake ndicho kinachoniudhi kuliko hoja zake. Ni mwanamume mzuri. Hanywi, harudi nyumbani mikono mitupu, na mimi nilipovunjika mkono alifua nguo za nyumba nzima mbele ya majirani bila kuona haya. Lakini akishika usukani ni mmoja wao. Nilishamuuliza mara moja kama naye huwapigia watu honi mpaka washuke. Akasema, "Wanashuka wenyewe." Sikumpa chai siku hiyo.

Tungeweza kuzeeka tukibishana hivyo, kama binti yetu asingemaliza darasa la saba. Alipangiwa sekondari iliyo kwenye barabara hiyohiyo kubwa, mbali kwa miguu, na haina bweni. Baba yake akataja bodaboda. Nilikataa hata hajamaliza kulitamka, maana kijijini kwetu tunao wasichana walioanza kwa kupewa lifti ya bure na kuishia kulea. Ikabaki baiskeli. Baba yake akakubali kwa sharti moja, kwamba honi ikilia mtoto ashuke.

"Hashuki mtu," nikasema.

"Yule ni mtoto, mama."

"Ndiyo maana hashuki. Akianza kushuka sasa hivi atashuka maisha yake yote."

Nilimfundisha mwenyewe, kwanza kwenye uwanja wa kanisa, halafu kwenye njia ya vumbi, mwisho kwenye lami Jumapili mchana magari yakiwa machache. Usitazame nyuma, nilimwambia, ukigeuza shingo na baiskeli inageuka. Shika mstari wako. Usiyumbe, dereva akuone umenyooka ajue pa kupitia. Ana kichwa kigumu kama cha kwangu, kwa hiyo alijifunza haraka. Siku moja akaniuliza, "Na asiponipisha, mama?"

"Atakupisha."

"Asipotaka?"

"Nimekwambia atakupisha."

Nikamshonea kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari ya kung'aa, akivae juu ya sare. Nilishona kwa mikono yangu miwili mizima, na kila mshono niliusemea maneno ambayo sitayaandika hapa.

Jumatatu ya kwanza ya shule baba yake alikuwepo, lori likiwa gereji. Tulikunywa chai na viazi vya kuchemsha sote watatu. Akamfunga mtoto kamba za viatu, mtoto wa kidato cha kwanza, na akiwa bado ameinama akamwambia, "Honi ikilia, ushuke mwanangu." Mimi nikasema, "Usishuke." Mtoto akamtazama yeye, akanitazama mimi, akabeba begi lake. Tulikuwa tumekubaliana siku za mwanzo nimfuate nyuma mpaka getini, kisha nigeuze niende kazini.

Aliendesha vizuri. Nataka hilo lijulikane. Alikuwa ndani ya lami, amenyooka, kizibao kinaonekana kutoka mbali, na watu wa njiani wakimsalimia kamwene aliwaitikia bila kupepesuka. Moyo wangu ulijaa. Nilijiambia, tazama, hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa. Tukafika kwenye mteremko mrefu kabla ya shule, na nyuma yangu honi ikalia.

Lilikuwa lori lenye tela. Mimi sikushuka, na halikunisumbua, lilitanua likanipita. Halafu likawa mbele yangu, linamwendea yeye. Honi ikalia tena, na yeye hakutoka.

Kwa miaka yote niliyoendesha sikuwahi kuona jambo hili kutoka nyuma. Ukiwa wewe ndiye unayepigiwa honi, unaona lami iliyo mbele yako, basi, vingine unavisikia tu. Sasa nikayaona yale matairi, na kando yake mgongo wa mwanangu na lile begi. Begi lilikuwa kubwa kuliko mgongo. Lori lilikuwa limeanza kutanua, naliona linatanua, najua kabisa kwamba linatanua, na bado mdomo wangu ukafunguka na kupiga kelele.

"Toka! Toka barabarani! Toka!"

Alitambua sauti yangu. Akageuza shingo, baiskeli ikageuka, akatoka kwenye ukingo wa lami na kuanguka mtaroni. Lori lilikuwa limeshampita, kwa nafasi ya kutosha kabisa. Dereva hata hakujua.

Nilimkuta amekaa kwenye maji machafu, magoti yamechubuka, sketi mpya imepasuka pembeni, kizibao chote tope. Hakuwa analia. Watu wawili waliokuwa wanakwenda shambani wakaja kutusaidia, wakatupa pole, na mmoja akamwuliza, "Hukusikia honi, binti?"

"Nilisikia," akasema, huku ananitazama mimi.

Tulikwenda shule tukisukuma baiskeli. Nilijaribu kumweleza na kila sentensi iliniishia katikati. Kibandani siku hiyo nilimfokea mteja aliyekuja kulalamikia pindo, na pindo kweli lilikuwa limepinda. Nilikuwa na hasira na lori lile ambalo halikukosea kitu. Ningependa lingekosea. Lingemgusa hata handeli ningekuwa na mtu wa kumshtaki.

Jioni baba yake aliona magoti kabla ya kitu kingine. Akauliza gari gani limemtoa barabarani, rangi gani, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akiwa ameshasimama kama mtu anayekwenda kulitafuta. Mtoto akaendelea kumenya viazi.

"Lori lilinipita vizuri tu, baba," akasema. "Aliyenitoa barabarani ni mama."

Nilingoja acheke. Nilikuwa nimeshaandaa cha kumjibu. Hakucheka, aliketi, akamwagia mtoto maji ya moto kwenye beseni, akaanza kumwosha magoti. Nilichukua ile sketi nikaenda kuishona, na ningemshukuru sana kama angecheka, maana ningepata pa kuanzia.

Asubuhi binti yangu alitoa baiskeli mwenyewe. Alikuwa ameipangusa tope lote na kunyoosha handeli. Akavaa kizibao kikiwa bado na unyevu. Nilipoenda kuchukua ya kwangu akaweka mkono kwenye tandiko langu, taratibu, kama unavyomzuia mtu mzima unayemheshimu.

"Leo usinifuate, mama."

"Honi ikilia utafanyaje?" nikamwuliza.

"Nitaangalia mwenyewe."

Baba yake alikuwa mlangoni na kikombe mkononi. Hakusema ashuke wala asishuke, na mimi pia sikusema. Akapanda, akapita kwenye migomba, akaingia barabarani, na ukungu ukamchukua upesi kuliko nilivyotegemea. Nilibaki uani. Kutoka kwetu hulioni lile teremko, unalisikia tu. Kukawa kimya muda mrefu, majirani wakaanza kuwasha moto, halafu kule chini honi ikalia, ndefu, ya gari kubwa.

Nikajisikia nasema kwa sauti, peke yangu, mbele ya kuku: shuka, mwanangu, shuka, shuka. Sijawahi kuwachukia madereva kama nilivyowachukia wakati ule.